Nani Ausogeze Mstari wa Siku 14?

Novemba 2024, HFEA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia uzazi wa maabara na utafiti wa viinitete, ilipendekeza muda ambao kiinitete cha binadamu kinaruhusiwa kukuzwa nje ya mwili uongezwe mara mbili, kutoka siku 14 hadi 28. Mwaka mmoja kabla ya hapo Baraza la Afya la Uholanzi lilikuwa limeshatoa ushauri huohuo, tena kwa namba ileile. Wanaofuatilia mambo haya hawakushtuka. Mimi nilishtuka kidogo, si kwa sababu ya siku 28, bali kwa jinsi watu walivyoanza kuizungumzia siku ya 14 kama hesabu iliyokosewa na wazee, ambayo vijana wenye vifaa bora wamekuja kuisahihisha. Haikuwa hesabu. Ilikuwa mapatano, na mapatano yana wenyewe.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani ya kisahani cha maabara. Yai lililorutubishwa hugawanyika likawa seli mbili, nne, nane, na kufikia siku ya tano au ya sita limekuwa kifuko cha seli kama mia moja hadi mia mbili, kidogo kuliko nukta inayofunga sentensi hii. Seli za nje zitajenga kondo la nyuma. Fungu dogo la ndani ndilo litakalokuwa mtoto, na ndilo wanalolitamani watafiti, kwa kuwa kila seli hapo bado inaweza kuwa chochote: moyo, ini, ngozi, ubongo. Hizo ndizo seli shina za kiinitete. Novemba 1998 James Thomson wa University of Wisconsin alitangaza kwamba yeye na wenzake wamezitoa seli hizo na kuziotesha maabara, zikawa zinaongezeka bila kukoma. Viinitete vilitolewa kwa ridhaa na watu waliokuwa wakitibiwa utasa, na zikapatikana koo tano za seli. Kuzitoa ni kukiua kiinitete. Makala inayolipitia jambo hilo kwa mafumbo inamdanganya msomaji, hata kama mwandishi yuko upande wa utafiti, kama nilivyo mimi.

Ukoo mmojawapo kati ya koo hizo tano za Thomson unaitwa H9, na bado unafanya kazi. Aprili 2025 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya wagonjwa 12 wa Parkinson, wa Marekani na Kanada, waliopandikizwa ubongoni seli za neva zilizooteshwa kutoka H9. Lilikuwa jaribio la kupima usalama, na katika miezi 18 ya ufuatiliaji seli hizo hazikuleta madhara yaliyohofiwa. Siku hiyohiyo jarida hilo lilichapisha jaribio la Kyoto la wagonjwa saba, ambao seli zao hazikutoka katika kiinitete hata kidogo. Zilikuwa seli za mtu mzima zilizorudishwa kwenye hali ya mwanzo kwa njia iliyogunduliwa na Shinya Yamanaka mwaka 2006, njia iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Yamanaka alipofaulu, wengi walisema mjadala umekwisha: kama seli za ngozi au damu zinaweza kurudishwa nyuma, nani ataendelea kuviua viinitete? Mjadala haukuisha, ulihama. Tiba ni nusu tu ya shauku ya watafiti. Nusu ya pili ni kiinitete chenyewe: kinafanya nini kikiachwa kiendelee, kwa nini mimba nyingi huharibika kabla mama hajajua kuwa anayo, ulemavu wa kuzaliwa nao huanzia wapi. Hayo hayajibiwi na seli za ngozi, na ndiyo yanayougonga mstari wa siku 14.

Mstari wenyewe una historia. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa nje ya mwili wa mama, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Mwaka uliofuata bodi ya maadili ya wizara ya afya ya Marekani ilizitaja siku 14 katika ripoti ambayo serikali haikuifanyia kazi. Waingereza walipita njia ndefu zaidi. Mwaka 1982 waliunda kamati ya watu 16, na uenyekiti akapewa Mary Warnock, ambaye hakuwa daktari wala mwanabiolojia. Alikuwa mwanafalsafa wa Oxford aliyewahi pia kuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na nadhani kazi hiyo ya pili ilimsaidia zaidi. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo Anne McLaren, bingwa wa elimu ya viinitete. Yeye ndiye aliyewaeleza wenzake kwamba karibu siku ya 15 hutokea mchirizi mwembamba juu ya kiinitete, dalili ya kwanza ya wapi patakuwa mbele na wapi nyuma, kushoto na kulia. Kabla ya mchirizi huo kiinitete kimoja kinaweza bado kugawanyika kuwa mapacha. Baada yake, kwa kawaida, hakiwezi tena.

Hoja hii ya mapacha imerudiwa mno mpaka ikaonekana ni ushahidi. Sioni inashuhudia nini. Mti wa muhogo ukiukata vipande viwili ukavipanda vyote, utapata mashina mawili, na hakuna mkulima atakayekuambia kwamba kabla ya kukatwa haukuwa hai, au haukuwa muhogo. Warnock alikuwa makini kuliko wengi wanaomtaja leo. Ripoti yake ya Julai 1984 haikudai kwamba utu unaanza siku ya 15. Ililiweka kando swali la lini uhai unaanza, ikauliza jingine: kiinitete kitendewe vipi? Juu ya lile la kwanza watu wa nchi moja hawataafikiana. Juu ya la pili wanaweza angalau kukubaliana kwamba lazima kuwe na kikomo, na kwamba kikomo hicho kiwe cha kuhesabika, kisichoacha nafasi ya ubishi wa wataalamu. Kila mtu anajua kuhesabu hadi 14, awe polisi, jaji, au msaidizi wa maabara.

Hata hivyo kamati yenyewe iligawanyika. Wajumbe watatu walipinga utafiti wowote juu ya viinitete. Wanne walikataa viinitete kuundwa makusudi kwa ajili ya utafiti. Maoni yao yalichapishwa ndani ya ripoti ileile, yakiwa na majina yao. Halafu likaja Bunge. Februari 1985 muswada binafsi wa Enoch Powell wa kupiga marufuku utafiti wote ulishinda katika hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 238 dhidi ya 66, ukakwama tu kwa kuishiwa muda bungeni. Watafiti waliokuwa wamezoea kuongea wao kwa wao wakalazimika kutoka nje: kwenye redio, kwenye mikutano ya hadhara, kwa wanawake waliokuwa na magonjwa ya kurithi katika familia zao. Aprili 1990 Bunge lilipopiga kura tena, kila mbunge kwa dhamiri yake bila amri ya chama, matokeo yalikuwa 364 kwa 193, safari hii kwa upande wa utafiti na kikomo chake cha siku 14. Siku chache kabla ya kura hiyo, Alan Handyside na Robert Winston wa hospitali ya Hammersmith walikuwa wametangaza mimba za kwanza zilizotokana na viinitete vilivyochaguliwa ili kukwepa magonjwa yanayowapata watoto wa kiume. Sidhani kama kuna aliyeamini kwamba tarehe hizo zilikutana kwa bahati tu.

Miaka sita ilipita kutoka ripoti hadi sheria, na ndani ya miaka hiyo wengi waligeuka kwa kubishana mbele ya macho ya watu. Nguvu ya siku ya 14 ilitoka hapo. Mchirizi wa McLaren ulisaidia tu kuchagua mahali pa kuweka kalamu.

Kimantiki mstari huo ni kituko, na inafaa kukiri hivyo. Unaruhusu kiinitete kiuawe siku ya tano, kisha unaamuru kisiachwe hai kupita siku ya 14. Sheria inayosema inakiheshimu kiinitete kadiri kinavyokua ndiyo hiyohiyo inayoagiza kiharibiwe kabla hakijakua. Anayeamini kwamba kiinitete ni mtu tangu mwanzo haoni heshima yoyote hapo, na anayeamini kwamba ni seli tu haoni sababu ya kuhesabu siku.

Kanisa Katoliki halijawahi kuukubali mstari huu. Waraka wa Donum Vitae wa mwaka 1987 ulidai heshima kamili tangu kutungwa, na Dignitas Personae wa mwaka 2008 ukarudia. Kinachosahaulika ni kwamba Donum Vitae ilijizuia kutamka kifalsafa kwamba kiinitete ni nafsi kamili. Iliuliza tu inawezekanaje kisiwe hivyo, kisha ikataka kitendewe kana kwamba ndivyo kilivyo. Kwa maneno mengine, Roma nayo ilikwenda kwenye swali la matendo kabla ya kulimaliza swali la asili, kama Warnock, ikafika kinyume chake. Kwa upande wa Uislamu, wanazuoni wengi wanategemea hadithi ya hatua za arobaini arobaini na kupulizwa roho baada ya siku 120, ingawa wapo wanaoishia siku ya 40. Desemba 2003 baraza la fiqhi lililokutana Makka liliruhusu viinitete vinavyobaki baada ya matibabu ya utasa vitumike kupata seli shina, wazazi wakiridhia. Mwaka huohuo taasisi ya Royan ya Tehran ilipata ukoo wake wa kwanza wa seli hizo. Msikilizaji wa Mombasa au Zanzibar anayedhani dini zote zimesimama upande mmoja wa jambo hili amesikia khutuba moja tu.

Hata andiko la kisheria lenye jibu la wazi halimalizi kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kliniki za Nairobi zimekuwa zikisaidia kuzaa watoto wa maabara tangu 2006, na kila inapotungishwa zaidi ya idadi inayorudishwa kwa mama, kinachobaki hugandishwa au humwagwa. Tamko la Katiba halijamwambia daktari amgandishe nani, kwa muda gani, wala amuulize nani kabla ya kumwaga. Unaweza kulijua jibu la swali la lini na ukabaki huna kanuni.

Iko mistari ya aina nyingine kabisa, isiyohesabu siku za kiinitete bali tarehe za kalenda. George W. Bush alitangaza tarehe 9 Agosti 2001 kwamba fedha za serikali ya Marekani zitatumika kwa koo za seli zilizokwisha kupatikana tu, na utekelezaji ukaweka kikomo kuwa saa tatu usiku wa siku hiyo kwa saa za Washington, saa aliyohutubia. Kiinitete kilichouawa saa mbili kilikuwa halali kwa fedha za umma, na kilichouawa saa nne kilikuwa haramu. Alisema koo hizo zinazidi 60, lakini zilizofika mikononi mwa watafiti zikiwa zinatumika zilikuwa kama 21. Ujerumani ilipiga marufuku kuharibu viinitete nyumbani, ikaruhusu kuagiza nje seli zilizopatikana kabla ya tarehe 1 Januari 2002. Seli za zamani zilipoanza kuwachosha watafiti, Bunge la huko likaisogeza tarehe mwaka 2008 hadi Mei 2007. Mistari ya namna hii haikukilinda kiinitete, ililinda mikono ya serikali isionekane na damu. Wa Bush, uliochorwa na mtu mmoja kwa hotuba moja, ulifutwa na Barack Obama kwa saini moja tarehe 9 Machi 2009.

Wa Warnock umedumu, ukaigwa na zaidi ya nchi kumi. Nausifu, ila uimara wake kwa muda mrefu haukuwa na gharama. Viinitete vya maabara vilikuwa vikifa vyenyewe karibu siku ya saba, na ni vichache mno vilivyofika ya tisa. Kumkataza mtafiti asivuke siku ya 14 kulikuwa ni kumkataza asiende asikoweza kufika. Mtihani wa kweli ulikuja Mei 2016, pale maabara ya Magdalena Zernicka-Goetz huko Cambridge na ya Ali Brivanlou huko Rockefeller University, New York, zilipotangaza kwa pamoja kwamba zimevikuza viinitete hadi siku ya 12 na ya 13. Wote walisimama kabla ya kikomo. Waliokuwa wakitabiri tangu 1984 kwamba watafiti watauruka mstari siku watakapoufikia walikosea, angalau kwa mara hiyo ya kwanza.

Kilichofuata hakikuwa kuuruka mstari bali kutaka usogezwe, na sababu zao si za kupuuzwa. Kati ya siku ya 14 na ya 28 ndipo mwili hupangwa: tabaka za kwanza hujitenga, moyo huanza kudunda karibu siku ya 22, na mfereji utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo hujifunga kuelekea siku ya 28. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mzazi aliyepanga foleni ya upasuaji Muhimbili akiwa na mtoto wa namna hiyo hahitaji kuelezwa umuhimu wa wiki hizo mbili. Tunajua asidi ya foliki inapunguza hatari, ndiyo maana inatiwa katika unga wa viwandani, lakini jinsi inavyofanya kazi ndani ya kiinitete cha binadamu bado haijulikani vya kutosha, kwa sababu wiki hizo hazionekani. Kabla yake kuna viinitete vya kliniki, baada yake kuna tishu zinazopatikana mimba zinapotolewa, na katikati watafiti wanategemea panya na nyani. Nikiulizwa kama siku 28 zinaweza kutetewa kimaadili, nitajibu ndiyo: mfumo wa kuhisi maumivu bado haujajengwa, na faida inaonekana.

Ninachokataa ni namna ya kufika huko. Mei 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina, ISSCR, kilitoa mwongozo mpya ulioiondoa siku ya 14 kwenye orodha ya mambo yaliyokatazwa kabisa, kikashauri maombi yaangaliwe moja moja na umma ushirikishwe. Mwongozo si sheria, na chama kilikiri hivyo. Lakini wanaotaka kuvuka ndio waliokuwa wa kwanza kuutangaza mstari kuwa si wa lazima tena. Wahenga wa mtaani wanaita hiyo kesi ya nyani, hakimu ngedere. Na fani hii ina kumbukumbu ambayo ingepaswa kuipa haya. Mwaka 2004 na 2005 Hwang Woo-suk wa Seoul alichapisha katika jarida la Science kwamba amepata seli shina kutoka viinitete vya binadamu alivyoviunda kwa njia ya kunakili. Mgema alisifiwa, hata stempu ya posta ikatolewa. Hakukuwa na ukoo hata mmoja uliotokana kweli na kunakili. Zilikuwepo taarifa za kughushi na mayai zaidi ya 2,000 yaliyochukuliwa kwa wanawake zaidi ya 100, baadhi wakilipwa, wengine wakiwa watafiti wadogo wa maabara yake mwenyewe. Wahakiki wa jarida hawakumkamata. Waliomkamata ni waandishi wa habari wa televisheni na watafiti vijana wa Korea waliozilinganisha picha.

Wapo pia wenye mapatano ambao hakuna aliyewakumbuka: waliotoa viinitete. Uchunguzi wa shirika la RAND mwaka 2003 ulikadiria kwamba kliniki za Marekani zilikuwa na viinitete karibu 400,000 vilivyogandishwa, na chini ya asilimia tatu ndivyo vilivyotengwa na wenyewe kwa ajili ya utafiti. Mume na mke waliotia saini Uingereza wameahidiwa kwamba kilicho chao hakitakuzwa kupita siku ya 14. Mwaka 2008 Robert Streiffer, mwanafalsafa wa Wisconsin, alizisoma fomu za ridhaa za zile koo zilizoruhusiwa na Bush na kuonyesha kwamba baadhi hazikukidhi hata masharti ya kawaida. Baadhi ya vyuo vikajizuia kuzitumia koo hizo. Sheria ikipandishwa hadi siku 28, viinitete vilivyomo kwenye matangi leo havipaswi kufuatana nayo bila wenyewe kuulizwa upya, hata kama nusu yao watajibu hapana na nusu nyingine hawapatikani.

Warnock alifariki Machi 2019. Alikuwa ameshasema hadharani kwamba asingependa kikomo kiguswe kwa sasa, akihofia kwamba mlango ukifunguliwa, waliotaka utafiti wote upigwe marufuku nao wataingia. Hapo simfuati. Hofu ya kushindwa bungeni si sababu ya kulikwepa Bunge. Yeye mwenyewe alishuhudia 238 kwa 66 ikigeuka kuwa 364 kwa 193, na haikugeuzwa na kamati ya watafiti.

Wakati tunabishana kuhusu namba, kitu kisicho na namba kimeshaingia. Septemba 2023 kundi la Jacob Hanna wa taasisi ya Weizmann, Israel, lilichapisha katika Nature umbo lililojengwa kutokana na seli shina peke yake, bila yai, bila mbegu, bila mji wa mimba, likifanana na kiinitete cha siku ya 14. Halikutungishwa, kwa hiyo halina siku ya kwanza ya kuanzia kuhesabu. Maumbo mengi hushindwa na machache ndiyo hujipanga, na kwa sasa hakuna anayedai yanaweza kuwa mtoto. Australia ilipokutana na umbo la aina ya karibu, lililotengenezwa na kundi la José Polo mwaka 2021, mdhibiti wake alisema kwa sheria ya huko hicho ni kiinitete na kinahitaji leseni. Uingereza sheria ya 1990 haiyagusi maumbo hayo. Julai 2024 wasomi wa Cambridge na washirika wao walitoa kanuni za hiari za kuyasimamia. Zinakataza kuyapandikiza katika mji wa mimba, wa binadamu au wa mnyama. Kuhusu muda wa kuyakuza haziweki kikomo kimoja kwa wote: kila mradi utakadiriwa na kamati ya uangalizi. Bunge halijazipigia kura.